Mwezi Rukia Aliokula Bila Chumvi

Nianze na mwisho, ili wewe mwenye mtoto anayeumwa usisome roho ikiwa juu: Rukia mzima. Sasa ni mwanamke, anapanda ngazi bila kushika ukuta, na usiku halali amekaa kama zamani. Nimeona niandike kwa sababu juzi hapa Likombe mama mmoja alinisimamisha njiani akanionyesha mwanawe, mnene mviringo, anahema kwa kunyanyua mguu tu, akaniambia, "Bibi, tazama mtoto alivyopendeza." Nikamtazama mtoto nyuma ya shingo. Tulikaa barazani kwake mpaka adhana ya alasiri nikimweleza yaliyotupata, naye ndiye aliyesema, bibi, haya yaandike. Kuandika nilijifunzia kwenye kisomo cha watu wazima, wakati nina watoto tayari, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni mtu wa Madimba, mkulima wa muhogo na korosho. Binti yangu Zainabu aliolewa mjini Likombe na Hemedi mwenye duka. Rukia ni mtoto wao wa kwanza, na alizaliwa kadogo hivi, unaweza kumweka kwenye ungo ukampepeta. Wakunga walitazamana. Mimi nilimfunga kifuani kwangu kwa kanga, nikakaa naye hivyo mvua zote za mwaka ule, nikimtia uji mdomoni kila akifumbua macho. Akapona. Akaanza kujaa mapaja, akajaa mashavu, mikono ikafanya mikunjo kama mtu aliyefungwa nyuzi. Mimi nimekua kwa kula muhogo asubuhi na muhogo jioni, na miaka mingine hata huo haukuwepo. Kwa hiyo mjukuu wangu alipokuwa bonge nilitembea naye mtaani kifua mbele, na mpaka leo sioni aibu kusema hivyo. Mtu aliyeona mtoto anataka kufa kwa wembamba huwezi kumwambia unene ni ugonjwa.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akimwita Rukia mke mdogo. Mimi nikimwita mke mwenzangu. Nikifika kutoka shamba na kapu la korosho na nazi namwambia, "Mke mwenzangu, umeshiba mpaka mume ananisahau." Naye ananijibu, "Wewe umezeeka, bibi, kaa pembeni." Basi tunacheka.

Alikulia juu ya gunia la mchele, ndani ya duka la baba yake. Biskuti ziko mkono wa kulia, soda mkono wa kushoto, na mbele mama yake anakaanga maandazi. Shule iko nyuma ya nyumba. Shamba hakulijua. Mimi nilitembea kwenda kisimani, nikatwanga, nikalima, nikabeba kuni. Mtoto yule aliambiwa kaa hapo usichafuke.

Kwanza alianza kukoroma kama mwanamume. Kisha mapaja yakawa yanasuguana mpaka yanatoka vidonda, tukimpaka poda ya watoto. Kisha ule weusi wa shingoni, kama kitako cha sufuria ya kuni. Nikadhani Zainabu hamwogeshi. Kila nikija nilimkalisha uani nikamsugua shingo kwa dodoki mpaka machozi yanamtoka, na weusi haubanduki. Nikamgombeza mama mtu, tukanuniana. Shuleni walimwita Tipwatipwa. Yeye aliitika, akacheka nao, kumbe akirudi anakwenda kukaa chooni analia.

Alikuwa na miaka kumi hivi walipompeleka mchakamchaka. Ninyi mnajua, asubuhi watoto wanakimbia wakiimba kuzunguka uwanja. Wenzake walimaliza, Rukia alikutwa amekaa chini karibu na goli, midomo imegeuka rangi, mkono umeshika kifua. Mwalimu alimleta nyumbani nyuma ya baiskeli. Mimi nilikuwepo siku hiyo, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka hospitali, Zainabu akabaki dukani.

Nesi alimfunga kile kitambaa mkononi, hakikutosha. Akaenda kuleta kile cha watu wazima. Akapuliza, akasikiliza, akafungua, akaenda kumwita mwenzake. Mwenzake akafunga mkono wa pili. Ukiona manesi wanaitana, tafuta pa kukaa.

Daktari alikuwa kijana, mpole, ana sauti ndogo. Akaniambia mjukuu wangu ana presha, na moyo wake unabeba mzigo wa watu wawili. Nikamwambia presha ni ya wazee na wenye mawazo. Mtoto huyu ana mawazo gani, pipi? Hakucheka. Akamgusa Rukia shingoni kwa kidole, akasema hii nayo si uchafu, bibi, ni mwili unasema umelemewa. Nikakumbuka dodoki langu nikaangalia sakafu.

Presha naijua. Kaka yangu Issa ilimwangusha palepale chini ya mikorosho yake, uso ukateremka upande mmoja, mkono ukawa kama wa kuazima. Nilimlisha uji kwa kijiko mpaka alipokufa, nusu unaingia, nusu unateremka kidevuni. Kwa hiyo daktari aliposema lile neno mimi nilimtazama Rukia mdomoni. Huo ndio uliokuwa woga wangu miaka yote ile, sikuwa na mwingine: kwamba nitakuja kumlisha na huyu.

Nikahamia kwao kwa muda, tukaanza kliniki. Watoto wana siku yao, wanapimwa kwenye mizani ya kuning'iniza, mama zao wanapiga soga. Kliniki ya presha ilikuwa Jumatano, na benchi lake lilikuwa la wazee watupu, wenye bakora na kikohozi. Siku ya kwanza mzee mmoja wa Msimbati akamwambia Rukia, "Mke wangu, umekosea benchi. La watoto lile kule." Rukia akamjibu, "Sijakosea, babu." Yule mzee akasogea, akampangusia nafasi kwa kofia yake. Kuanzia siku hiyo akiwahi kufika anamwekea nafasi, na sisi tukiwahi tunamwekea yeye. Wazee wasioona vizuri walimpa Rukia kadi zao awaangalizie kama wameitwa. Mtu akikufanyia wema mdogo kama huo, na wewe umekaa tangu asubuhi na daktari hajafika, usidhani ni mdogo.

Dawa alimeza, hakusumbua. Kilichotushinda ni chakula. Daktari alisema mafuta yapungue, sukari ipungue, soda basi, na chumvi isionekane. Chumvi ndiyo ilitutoa roho. Nilimpikia samaki bila chumvi, akatema. Mboga bila chumvi, akasema kama anatafuna karatasi. Alilia, akasusa, akasubiri tulale akaenda kulamba chumvi ya dukani kwa kidole. Mkwe wangu Hemedi desturi haimruhusu kujibizana na mimi, kwa hiyo alimwambia mkewe, kwa sauti ya kunifikia uani, kwamba hajawahi kuona mwenye duka ambaye mtoto wake anashinda njaa.

Hata hivyo, mvua zilipokwisha, Rukia alikuwa ameanza kupungua. Mashavu yalishuka, gauni la shule likalegea. Mimi nikasema alhamdulillahi. Nisijue kwamba huko nje mambo yanaharibika.

Wenye umri wangu mnaikumbuka miaka ile. Mtu akikonda hakuulizwa anaumwa nini. Walisema kakanyaga miwaya, yaani ana ukimwi, na akikonda mtoto macho yanahamia kwa mama yake. Wateja wa maandazi wakapungua. Siku moja Rukia aliingia kwa jirani akaomba maji, akapewa kikombe kilichomeguka; alipomaliza, yule mwanamke akakichukua kwa ncha ya vidole akakitupa jalalani, mtoto anamwona. Rukia aliporudi alituuliza tu kwa nini kikombe kimetupwa. Zainabu aliingia ndani akafunga mlango.

Kliniki iliyofuata uzito umerudi. Ya baadaye, umepita ule wa zamani. Daktari anauliza mnakula nini, mimi naapa, Rukia anatazama viatu vyake. Nikaanza kuwa mwangalifu. Ndipo asubuhi moja natandika kitanda chake nikakuta chapati chini ya mto, zimefungwa kwenye kanga ya Zainabu, bado zina joto.

Nilimfuata Zainabu jikoni. Nikamuuliza, "Unamlisha huyu mtoto?"

"Namlisha, mama. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Unataka moyo umpasuke?"

Akaacha kukanda unga. "Akikonda wananizika mimi, nikiwa hai. Wewe utarudi zako Madimba. Mimi nabaki hapa na midomo yao."

Nilitoka jikoni na hasira zangu. Nilirudi Madimba kweli, maana korosho zilikuwa zinaanguka, na msimu wote nikiokota nilikuwa naona uso wa Issa kwenye majani.

Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya kuliko yote. Kichwa kikimuuma Rukia alikuwa anakiegemeza ukutani, hataki mtu aongee. Miguu ikavimba. Daktari aliongeza dawa, akaongeza tena, kisha akaniita kwenye veranda, mtoto asisikie. "Bibi," akasema, "tukiendelea hivi, huyu ataanguka kabla hajamaliza shule." Sikumwambia kuhusu chapati. Ningemwambiaje? Kwamba mama yake ana akili timamu, anampenda mtoto, na anamuua kwa sababu ya majirani?

Basi katikati ya hayo Rukia akavunja ungo. Watoto wanene huwahi. Kwetu msichana akivunja ungo lazima achezwe unyago, na anachezwa kwa bibi yake, kijijini. Tukapanga likizo ya mwezi wa sita, muhogo umeshavunwa, upepo wa baridi umeanza. Nilimwona Zainabu anatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na nilijua kwa nini. Mwali anafungiwa ndani, hafanyi kazi, analishwa. Siku ya kutoka watu wanataka kuona mwali ametakata, anang'aa kwa mafuta, mashavu yanacheza. Mwali akitoka mwembamba ni aibu ya ukoo mzima. Mwezi mmoja wa namna hiyo, nikajiambia, na Rukia atafia humo humo ndani.

Nikaenda kwa kungwi, Bi Sharifa. Yeye na mimi tulichezwa pamoja, kwa hiyo hakuna cha kufichana. Nilimkuta anachambua ming'oko, vile viazi vya porini. Nikamweleza yote, presha, chapati, kikombe, maneno ya daktari. Alinisikiliza bila kuinua kichwa. Kisha akasema, "Sasa wewe Somoe unataka nitoe mwali au nitoe ufito?"

"Nataka umtoe akiwa hai."

Akatupa ganda pembeni. "Na huyo daktari wako amekataza nini?"

Nikaanza na chumvi. Hapo Bi Sharifa akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema mwali gani analamba chumvi? Na kweli, wasomaji wa mbali hamjui: kwetu mwali akishaingia ndani halambi chumvi mpaka siku ya kutoka. Ni mwiko. Na mama yake vilevile halambi, akilamba mtoto anapata madhara. Mimi mwenyewe nilikula hivyo, mama yangu alikula hivyo, na miezi yote ile nikigombana na Rukia juu ya samaki sikuwahi kuviweka vitu hivi viwili pamoja. Hospitali ilikuwa hospitali, unyago ulikuwa unyago.

Tulikubaliana hapo hapo, mbele ya ming'oko. Yaliyobaki Bi Sharifa alisema ni yake, na ndani ya ile nyumba hakuna daktari zaidi yake. Niliomba kimoja tu, dawa ziingie naye. Akasema dawa ziingie, duka libaki nje.

Ya ndani siyasemi, hayasemwi. Nitasema ya jikoni tu, maana ndiyo yaliyotuponya. Rukia aliingia na wasichana wawili wa kijijini, wanakula sahani moja. Wenzake walikuwa na mikono myepesi. Akichelewa kumeza, tonge la pili analikosa. Kilikuwa ni kisamvu, samaki wa kuchemsha, muhogo, ming'oko, na vyote havina chumvi hata chembe. Siku ya kwanza nilisimama nje ya ukuta kusubiri kilio. Sikusikia. Alikula. Baadaye aliniambia, "Bibi, wenzangu walikuwa wanakula, mimi ningesemaje?" Kitu ambacho daktari aliomba na mimi nikaomba na kubembeleza, mwiko uliamuru mara moja tu.

Kukaa bure nako Bi Sharifa alikukataa. Alisema mwali wake atatakata kwa jasho. Asubuhi wanatwanga, mchana wanafundishwa kucheza, jioni wanacheza tena, na anayekaa chini kabla ya ngoma kunyamaza anaanza upya. Wiki ya kwanza Rukia alikuwa anashika ukuta. Nilikuwa nikimsikia akihema, nataka kuingia kumtoa, na Bi Sharifa ananiangalia tu. Kisha siku moja nikamsikia anaimba huku anatwanga. Mtu anayehema haimbi.

Katikati ya mwezi Zainabu akaja. Mama haruhusiwi kumwona mwali, lakini alikuja na ndoo ya maandazi na kreti la soda, akasimama kwenye uzio akaomba viingizwe. Bi Sharifa alipokea vyote, akamwita mwanamke mwingine wabebe pamoja. Soda walizinywa makungwi jioni ile, wakacheua mpaka usiku. Lakini kabla Zainabu hajaondoka, Bi Sharifa alimuuliza, "Na wewe chumvi umeacha?"

"Nimeacha, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku aliyoingia. Sijalamba hata ya kuonja."

"Kwa nini?"

Zainabu akamshangaa. "Mtoto asije akaumwa."

"Basi na haya maandazi yaogope hivyo hivyo," akasema Bi Sharifa, akaingia ndani.

Nilikuwa nimejiandaa Zainabu agombane. Akaniuliza tu, taratibu, kama Rukia anaumwa kichwa bado. Nikamwambia tangu wiki ya pili sijamsikia akilalamika. Akafunika uso kwa kanga. Kisha akaniaga, akaenda kusubiri gari la kurudi mjini, na ndoo yake tupu.

Siku ya kutoka watu walijaa. Ngoma zilianza asubuhi, wasichana watatu wakatolewa wamefunikwa kanga mpya, wamepakwa mafuta, macho chini. Walipofunuliwa, vigelegele vya wale wawili vilipanda mpaka juu. Vya Rukia vilianza vikakatika. Alikuwa ametoka na shingo. Nasema hivyo kwa sababu zamani hakuwa nayo, kichwa kilikuwa kimekaa juu ya mabega. Kiuno kilionekana. Bado alikuwa msichana mnene, lakini si yule waliyemjua.

Na yule jirani wa Likombe, wa kikombe, alikuwa amekuja, maana kwenye ngoma watu hawakosi. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mbona mwali wenu amepukutika? Kuna heri kweli?"

Mimi nilifungua mdomo, na mimi mdomo wangu wanaujua. Zainabu akaniwahi.

"Amepukutika kwa makusudi," akasema. "Ana presha, ile iliyomuua mjomba Issa. Tumemkondesha sisi wenyewe na tutaendelea kumkondesha. Ukitaka kujua zaidi, daktari yupo Jumatano. Nenda na kikombe chako."

Bi Sharifa ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Wengine wakafuata. Rukia alikuwa haruhusiwi kuinua macho, lakini niliona mdomo wake umeshindwa kujizuia.

Sitaki nikudanganye wewe mwenye mtoto kwamba ilikwisha siku ile. Presha ilishuka, daktari akapunguza dawa moja, lakini Ramadhani iliyofuata futari zilituangusha, ikapanda tena, tukaanza upya. Hemedi alihamisha soda nyuma ya kaunta, na akawa anamtuma Rukia mwenyewe kupeleka mizigo ya wateja kwa miguu. Kila likizo alikuja Madimba kulima na mimi. Nyumba nzima ikazoea kula bila chumvi nyingi, kwa sababu mtoto ukimtengea sufuria yake peke yake anajiona amefungwa. Hilo likumbuke kuliko mengine yote. Maneno ya majirani nayo yalichukua muda kufa, lakini ukishasema ugonjwa kwa jina lake hawabaki na kazi kubwa.

Misimu miwili ya korosho ikapita hivyo. Jumatano moja tulikwenda watatu, mimi, Zainabu na Rukia, ambaye sasa alikuwa amenipita urefu. Nesi alimfunga kitambaa, akapuliza, akafungua. Akafunga tena. Nikashika benchi. Akapima mara ya pili, akatabasamu, akasema alitaka tu kuhakikisha. Daktari alisoma, akasema dawa tuziache, tuje tu kumpima. Nilitaka kusema kitu cha maana, nikajikuta nimemshika mkono yule kijana nauminya kama nakamua tui.

Tulikuwa tumeshasimama kuondoka Zainabu aliporudi kwenye kiti. Yule ambaye alikuwa akiogopa hata kuonekana anaingia geti la hospitali alikaa, akapandisha mkono wa gauni mpaka begani, akanyoosha mkono mezani.

"Nipimeni na mimi," akasema. "Mjomba alikufa nayo, mwanangu ameugua, mama yangu hataki kupimwa, sijui hata—"

"Mama," Rukia akamkatiza, akamwekea kiganja begani. "Wakipima hauongei."

Zainabu akanyamaza, nesi akaanza kupuliza.